Mgodi Using'olewe Wote: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kwale na Wizara ya Madini

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kwale, Mheshimiwa Waziri wa Madini, na nyote mnaokaa mezani kupanga matumizi ya ardhi ya mgodi wa Msambweni.



Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba. Ilikuwa imefanya kazi tangu mwishoni mwa 2013, shehena ya kwanza ikapakiwa melini Likoni mwanzoni mwa 2014, na kwa muda wote huo huu ndio uliokuwa mgodi mkubwa kuliko yote nchini Kenya. Tangu ufungwe, kila penye watu watatu kutoka Ukunda hadi Lungalunga pana majibu manne: wenyeji warudishiwe mashamba, kiletwe kiwanda, ipandwe miwa, ipandwe miti. Sina ugomvi na jibu lolote kati ya hayo. Aliyehamishwa shambani mwake ana haki ya kuzungumza kabla yangu, na ninachoomba hapa hakizuii mtu kupanda muhogo wake. Naomba kipande. Kipande cha mgodi kibakizwe vile kilivyo, kifunguliwe kwa wageni, na lango lake lishikwe na watu wa vijiji vya pale.

Mtaniuliza, mgeni gani atakayeuacha ufuo wa Diani aje kutazama shimo?

Fuateni Mto Mkurumudzi. Unaanzia Milima ya Shimba, kwenye hifadhi ambayo ndiyo mahali pekee nchini Kenya palipobaki palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Ndovu wako humo, maporomoko ya Sheldrick yako humo, na mimea ambayo wataalamu hufunga safari kuja kuitazama. Mto ukishuka unakutana na bwawa lililojengwa kwa ajili ya mgodi, maana madini ya mgodi huo yalichimbwa kwa maji: mchanga ulioshwa, ukaoshwa tena. Ukitoka bwawani unaendelea kushuka hadi Ghuba ya Gazi, kwenye mikoko. Pale Gazi kina mama wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kiingilio kulipita. Hapo hapo ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya ukaa tangu 2013, na mapato yake yameingia katika maji na shule za Gazi na Makongeni.

Kwa hiyo juu ya mto kuna kivutio, chini ya mto kuna kivutio, na katikati kuna lango lililofungwa. Mtalii wa Diani hupelekwa Shimba alfajiri, akarudishwa hotelini kabla ya chakula cha mchana, na hakuna anayemwambia kwamba maji yanayoshuka kutoka kule juu hupita mgodini kabla ya kufika baharini. Safari ya siku moja kutoka mlimani hadi mikokoni imekwisha kuchorwa na mto wenyewe. Kinachokosekana ni kituo cha kati.

Na kituo hicho kina mambo ya kuonyesha. Sijui kwa nini tunadhani kwamba mgeni hupenda wanyama tu. Ukuta mmoja wa tuta lililokatwa, ukiachwa wazi na kuwekewa uzio, unatosha kumsimamisha mtu. Mchanga ule mwekundu, ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini, ni matuta ya kale yaliyokusanyika wakati pwani yetu haijawa hivi. Ndani yake mna madini matatu yaliyowaleta wageni kutoka Kanada na Australia: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Jinsi yalivyotenganishwa ni somo la sayansi ambalo mtoto wa darasa la sita anaweza kulishika kwa mikono yake. Kwanza mchanga mwepesi na madini mazito viliachanishwa kwa maji, kwa sababu kizito hutuama upande wake na chepesi huchukuliwa. Kisha ikaja sumaku: ilmenaiti huitika, zile nyingine hazina habari. Mwisho umeme: rutaili huupitisha, zirkoni huukataa. Meza moja, ndoo ya mchanga, maji na sumaku kali, na mwalimu hana haja ya kitabu.

Halafu mtoto aulizwe, yalikwenda wapi? Yalikwenda kuwa weupe. Ilmenaiti na rutaili hutumika kutengeneza rangi nyeupe inayotiwa katika rangi za ukutani, karatasi na plastiki. Zirkoni huingia katika vigae na masinki. Yaani mchanga wa Nguluku, kijiji kilichokuwa pale mgodini, ulichimbwa ukiwa na rangi ya kutu, na huenda umerudi Ukunda dukani ukiwa mkebe wa rangi nyeupe wenye bei ambayo mzee wa Nguluku haimudu. Hilo nalo ni somo, la hesabu safari hii.

Lakini mashine ikishang'olewa hairudi. Ndiyo maana naandika sasa. Kampuni ya Marekani, Energy Fuels, iliinunua Base Resources, kampuni mama ya Base Titanium, mwaka 2024, na mwenye mali mpya ana miradi mingine mahali pengine. Sheria na leseni zinamtaka asafishe na arudishe ardhi katika hali njema, na ni vizuri atimize. Shida ni kwamba kusafisha, mkataba ukisomwa bila kufikiri, maana yake ni kufuta. Afisa atakuja na orodha yake, ataona chuma, ataandika kiondolewe. Mkimwambia mapema kwamba chuma hiki na kile vibaki kwa sababu kaunti imevichukua kuwa kumbukumbu, atafurahi kupunguza gharama ya lori.

Tunajua jinsi kufuta kunavyokwenda, kwa sababu tumekwisha kufutiwa mara moja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Kiwanda kile kilileta watu kutoka mbali, wakiwemo Wamakonde kutoka Msumbiji waliofanya kazi katika mashamba ya miwa na katani, wakazaa watoto na wajukuu hapa Kwale wasiokuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Walipata kutambuliwa kuwa Wakenya baada ya kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016. Hadithi kubwa namna hiyo! Lakini anayepita Ramisi leo haambiwi na bango lolote kwamba hapa ndipo ilipoanzia. Sukari imefufuliwa na kampuni nyingine, na historia ya wale wa kwanza imebaki kwa wazee wanaopungua kila mwaka.

Nendeni hata Kakamega, mji wetu wa dhahabu. Dhahabu ilipatikana kule 1931, walowezi wakamiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za Waafrika iliyokuwa imepitishwa 1930, ili watu waweze kuondolewa bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Leo Rosterman ni jina la mtaa, vijana bado wanaingia mashimoni kwa kamba, na wageni wakija Kakamega wanakuja kwa ajili ya msitu, kutazama ndege na nyani. Msitu na mgodi viko jirani, lakini mmoja una tikiti na mwingine una majeneza. Kakamega ilikuwa na mji wa dhahabu kando ya msitu wa ajabu na haikuviunganisha. Kwale ina nafasi ya kuviunganisha vya kwake.

Mfano mzuri uko karibu, na nadhani nyote mmewahi kwenda na watoto: Haller Park, Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza 1954 na kikaacha machimbo ya matumbawe yaliyo makavu kabisa. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti ya aina 26 na ni mitatu tu iliyostahimili, mmojawapo ukiwa mvinje. Majani ya mvinje hayakuoza, akaleta majongoo wayale, udongo ukaanza kuzaliwa. Mwaka 1984 pakafunguliwa kwa umma. Baadaye kiboko Owen akafanya urafiki na kobe Mzee, na dunia nzima ikapajua. Napasifu. Hata hivyo nina neno moja: mgeni hutoka Bamburi akimjua Owen na Mzee kwa majina, na hamjui hata mchimbaji mmoja. Miti ilifunika kovu vizuri mno hata kidonda kikasahaulika. Kwa Nguluku sitaki hivyo.

Kwa sababu Nguluku na Maumba vilikuwa vijiji. Palikuwa na minazi, mikorosho, visima, njia za kwenda madrasa. Tiomin ya Kanada ilikuja miaka ya 1990, na wakulima hawakukaa kimya: mwaka 2001 walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa na kupata amri ya kuizuia kampuni kwa sababu masuala ya mazingira hayakuwa yameshughulikiwa ipasavyo. Kesi hiyo wanafunzi wa sheria huisoma hadi leo. Leseni ilitolewa 2004, mradi ukauzwa kwa Base 2010, watu wakahamishwa, wengine hadi Bwiti. Kuna waliopata kazi nzuri mgodini na wakajenga nyumba za mawe. Kuna walioondoka na fidia iliyokwisha kabla ya msimu wa pili. Makundi yote mawili yawe kwenye ukuta wa makumbusho, kwa sauti zao, kwa Kidigo na kwa Kiswahili. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 ipo, na Makumbusho ya Taifa ina watu wanaojua kurekodi simulizi. Waiteni kabla wazee hawajatawanyika zaidi.

Nawatahadharisha na njia moja. Kule Afrika Kusini kuna mji wa Pilgrim's Rest, karibu na korongo la Mto Blyde. Dhahabu ilipatikana 1873, uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya jimbo iliununua mji wote ukawa kama makumbusho. Nyumba za mabati zimepakwa rangi, watalii wanaopitia kwenda Kruger husimama kula na kupiga picha. Ni pazuri. Lakini kwa muda mrefu hadithi iliyopewa nafasi ya mbele ilikuwa ya wachimbaji weupe na chepeo zao, na waliobeba mawe wakabaki nyuma ya pazia. Mgodi wetu ukitengenezwa na kampuni ya matangazo kutoka Nairobi, nawahakikishia picha ya kwanza langoni itakuwa ya mkurugenzi mwenye kofia ngumu akipeana mkono na waziri.

Hapa ndipo nafika kwenye lango, na hapa sitaki kuelewana nanyi nusu nusu.

Vivutio vya Kwale ambavyo mwenyeji huvisema kwa fahari ni vile ambavyo tikiti hukatwa na mwenyeji. Mapango ya watumwa ya Shimoni husimamiwa na kamati ya kijiji, na kiingilio kimesaidia shule na matibabu. Wasini kina mama wana njia yao juu ya bustani ya matumbawe. Kaya Kinondo, ambayo UNESCO iliiorodhesha 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, ina wazee wake: unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa usichume jani, usiondoke na kitu, na unamfuata kijana wa Kidigo anayejua mti gani ni dawa ya nini. Hakuna mtalii ninayemjua aliyelalamika kwamba masharti ni mengi. Wanatoka wakiwa wameheshimu kitu, na hilo ufuo hauwapi.

Linganisheni na mrabaha. Sheria ya Madini ya 2016 iliugawa vizuri kwenye karatasi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Miaka ikapita jamii ikiulizia zile kumi. Fedha inayopitia Nairobi huchoka njiani. Tikiti ya shilingi mia mbili inayolipwa kwa simu pale pale langoni, jioni ikasomwa mbele ya kamati, ni ndogo lakini inafika. Kwa hiyo kipande ninachokiomba kisikabidhiwe shirika la serikali kuu, wala mwekezaji wa hoteli, wala (nisameheni) idara ya utalii ya kaunti. Kiwekwe chini ya amana ya vijiji vilivyopoteza ardhi, wale wa Bwiti wakiwemo ingawa wanaishi mbali, na kaunti ibaki na kazi ya barabara, choo na ukaguzi wa hesabu.

Wala tusidanganyane kuhusu mapato. Mwaluganje, ile hifadhi ya ndovu iliyoanzishwa miaka ya 1990, ilikuwa wazo la dhahabu: wakulima waache ndovu wapite, wagawane fedha ya wageni. Wageni walipopungua gawio likapungua, na ndovu hawakupungua. Mkulima akabaki akiuliza mahindi yake yataliwa kwa ajili ya nini. Mgodi usiahidiwe watu kama mshahara. Waambiwe ukweli, kwamba miaka ya mwanzo utalipa walinzi, waongoza wageni na mafuta ya jenereta, basi. Tena msitegemee Wazungu. Mgeni wenu mkubwa atakuwa basi la shule. Barabara ya Dongo Kundu imeondoa kisingizio cha feri. Shule ya Voi au Mariakani inaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo. Mabango yaandikwe kwa lugha ya abiria wa basi hilo kwanza. Kijerumani kina mahali pake, na mahali hapo ni menyu za Diani.

Usalama uje kabla ya sherehe. Bwawa la tope la mgodi si kidimbwi. Tope laini linaloonekana limekauka juu linaweza kummeza ng'ombe. Mchanga wenye zirkoni unapaswa kupimwa mionzi na matokeo yabandikwe ukutani, si kwenye jalada la NEMA, mamlaka ya mazingira. Bwawa kubwa la Mkurumudzi linahitaji mwenye jukumu anayejulikana kwa cheo, kwa sababu kuta za mabwawa hazijali kwamba kampuni imeondoka, na walio chini yake ni watu wa Gazi. Kitalu cha miche ya asili kilichokuwa cha kampuni kiendelezwe. Misitu ya Gongoni na Buda iko pale pale, inahitaji miche, na kazi ya kuotesha mbegu za miti ya asili tayari imo mikononi mwa vijana wa hapa. Wakipoteza kazi hiyo wataendesha bodaboda, na ujuzi utapotea kwa sababu ya mishahara michache.

Sasa niwaambie mgeni ninayemtaka kuliko wote. Hatoki Munich wala Nairobi. Anatoka Mrima.

Kilima cha Mrima, kusini mwa hapa, ni msitu wa kaya, na chini yake mna niobiamu na madini adimu ambayo mataifa makubwa yanayagombania kwa ajili ya magari ya umeme na simu. Serikali iliifuta leseni ya kampuni ya madini ya Cortec 2013, kampuni ikaishtaki Kenya katika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, ikashindwa 2018. Mnajua kama ninavyojua kwamba habari hiyo haijaisha. Atakuja mwingine, kwa suti nyingine, na mtaitisha baraza pale na kuwaambia watu kuhusu fursa. Siku hiyo mzee wa Mrima na bibi wa Mrima wawe wamekwisha kuja Nguluku. Wawe wamesimama kwenye ukuta ule wa mchanga mwekundu, wakaona ardhi iliyochimbwa na kufukiwa inaota nini na haioti nini, wakamsikiliza aliyehamishwa na aliyeajiriwa, wakasoma mkataba ukutani na mgao wa mrabaha mwaka kwa mwaka. Wakikubali baada ya hapo, wamekubali wakijua. Wakikataa, nanyi mtajua kwa nini. Nauli ya basi hilo nadhani kaunti inaiweza.

Ombi langu la mwisho ni la utaratibu tu. Mtakapoitisha mkutano wa kwanza kuhusu jambo hili, msiuite katika hoteli ya Diani yenye viyoyozi, ambako mzee hukaa kiti cha nyuma na kusubiri bahasha ya nauli. Uitishwe Bwiti, kwa waliohama, siku isiyo ya Ijumaa wala ya soko, na ramani ya kipande kinachopendekezwa iwe imebandikwa kwa chifu na msikitini wiki mbili kabla. Wanawake wa daraja la Gazi na wazee wa Kinondo waalikwe waeleze walivyoendesha malango yao, pamoja na walipokosea. Na kampuni ipewe barua siku hiyo hiyo, inayotaja kwa majina ni mitambo ipi haitapakiwa.

Wasalaam,
Mwandishi, Msambweni